Nusu Yangu ya Nundu

10 Machi

Ule mlio haujanitoka mpaka leo. Nilikuwa mtoto wa darasa la pili, nimesimama mlangoni mwa chumba cha Shangazi, naye akaweka mfuniko juu ya kopo la mbao, akauachia. Haukuanguka. Ulishuka wenyewe, polepole, kama mtu mzima anayejikalisha kitini, na hewa iliyokuwa ndani ikatoka kwa pembeni: fyuuu. Halafu kimya. Akaniambia nifungue. Nilipovuta, kopo nalo likavuta upande wake, likabisha kidogo, kisha likaachia, na harufu ya mkafuri ikanijaa usoni, kali, tamu, ya baridi, mpaka machozi yakanitoka. Shangazi alicheka. Sikumbuki kumwona akicheka tena.

Nimesoma mengi tangu siku hiyo. Nina shahada ya kemia, na naweza kueleza kwa nini mfuniko uliokerezwa sawasawa hunasa hewa chini yake. Maelezo hayo hayajaupunguza mlio ule hata chembe.

Leo nimehamia kwake na begi moja. Mama amenipa msimu huu wa mvua, basi. Mvua zikikatika kuna shule inanisubiri nikafundishe. Ameshazungumza na mkuu wake. "Nenda ukaitoe hiyo hamu," aliniambia huku akinikunjia nguo, "halafu urudi tuendelee na maisha." Shangazi hakunikaribisha kwa maneno. Alinishika mkono, akautazama mbele na nyuma, akasema, "Hizo kucha zikate."

11 Machi

Nimekata kucha. Nimefagia karakana.

12 Machi

Nimefagia karakana.

14 Machi

Niieleze karakana kabla sijaizoea, maana nikishaizoea sitaiona tena. Ni chumba kirefu chenye paa la bati, na dirisha moja linalotazama ukuta wa dobi. Katikati imekaa mashine ya kukereza: mwili wa chuma, mota chini, ukanda mweusi, na kichwa kinachozungusha kipande cha mti kwa kasi mpaka kingo zake zinageuka ukungu. Shangazi husimama mbele yake, kiwiko kimebana ubavu, patasi imelala juu ya chuma cha kuiegemeza. Ukimtazama huoni mikono ikifanya kazi. Anayumba kiunoni tu, na maranda yanamrukia begani. Kona ya nyuma, chini ya magunia, kuna mashine nyingine, kuukuu, ya kukanyaga kwa mguu. Ndiyo aliyofundishiwa na babu yangu. Siku hizi imekuwa meza ya makopo ya rangi.

Shangazi anakohoa. Asubuhi kabla ya chai, na kila akizima mashine. Kikohozi kikavu, kifupi, mara mbili mbili. Mwanawe, yaani binamu yangu, anasema ndiyo sababu nyumba hii haijawahi kununua saa. Binamu huyu ana miaka thelathini na kitu, na hata mama yake humwita Msasa: kwanza kwa kuwa kazi yake ni kupiga msasa vyombo vikishakerezwa, pili kwa kuwa ulimi wake unakwaruza. Mimi ameshaniita Profesa. Akinipa ufagio anasema, "Profesa, wanafunzi wako hawa hapa sakafuni."

Simpendi.

19 Machi

Mvua ya kwanza, na upepo wa kuogofya. Mkafuri mkubwa uliokuwa uani kwa fundi cherehani umeng'oka na mizizi. Harufu imejaa mtaa mzima. Watu wanapita wakijifuta pua. Kabla ya saa sita mchana Shangazi alikuwa pale na msumeno. Matawi hakuyajali. Alikuwa anatazama nundu iliyoota ubavuni mwa shina, kubwa kuliko kichwa cha ng'ombe, yenye magamba kama ngozi ya kiwiko.

Tumeikata mimi na Msasa, huku na huku, msumeno mrefu wa mikono miwili, mvua ikitupiga mgongoni. Ilipofunguka kati, sote tuliinama kutazama, hata Msasa. Ndani yake hakukuwa na mstari mmoja ulionyooka. Kulikuwa na mawimbi ya rangi ya asali yaliyogongana na mengine mekundu, na katikati vijicho vidogo vyeusi, mamia, vimesongamana kama vinaangalia nje. Maji yalikuwa yakitiririka humo. Harufu yake ilikuwa ile ile ya mlangoni.

Shangazi aliweka kiganja juu yake, kisha akasema jambo ambalo nadhani alikuwa amelipanga siku nyingi.

"Mashine imenichosha. Mvua zikiisha namwachia mmoja wenu. Kila mtu ana nusu yake hapo. Atakayenitolea kopo linalopumua, mashine ni yake. Lisilopumua ni debe tu."

Msasa akauliza kama yeye si mwanawe.

"Wewe ni mwanangu," akasema Shangazi. "Mashine haijui nilimzaa nani."

20 Machi

Mvua. Msasa ameshaanza. Mti mbichi hauwezi kufanyiwa kopo moja kwa moja, kwa sababu ukikauka unasinyaa na kupinda. Kwa hiyo unaukereza kwanza uwe kopo nene, zito, la kutisha. Unalifunga kwa karatasi, unalifukia ndani ya gunia la maranda yake mwenyewe, unalitundika darini. Likishakauka na kupinda linavyotaka, unalirudisha mashineni, unalinyoosha, unalipiga msasa, unalichongea mfuniko. Amemaliza hatua ya kwanza kabla ya chakula cha mchana, akipiga mluzi.

Mimi sijui hata kushika patasi. Shangazi ametumbukiza nusu yangu ndani ya pipa la maji ya mvua nje ya mlango, akaiwekea jiwe juu isielee. Ndani ya maji haikauki, na isipokauka haipasuki. "Itakungoja," akasema. "Jifunze kwanza kwa mti mkavu ulioko kabatini."

26 Machi

Patasi imeniruka mara nyingi. Kidole gumba kimevimba.

2 Aprili

Leo nimekereza mpini wa kisu. Shangazi ameuzungusha mkononi, akaurudisha, akasema ni mpini. Nimefurahi kuliko nilivyofurahi siku ya mahafali.

6 Aprili

Mvua imepiga bati tangu alfajiri. Tulikuwa tunaongea kwa ishara kama mabubu. Nimeamka na macho mazito, nikadhani ni usingizi.

11 Aprili

Nimegundua kwamba Shangazi hanipi msasa. Nakereza vikombe, visahani, vikopo vidogo visivyo na mfuniko, vyote vya mkafuri mkavu, na vikifika hatua ya kulainishwa ananinyang'anya na kumpa Msasa. Nimemuuliza kwa nini. Amesema waliosoma hawana subira ya msasa. Nilimeza hasira pamoja na chai. Chombo ambacho sijakilainisha mwenyewe si changu. Kesho nitaamka kabla yao.

12 Aprili

Nimeamka kabla yao. Nimepiga msasa kikombe kizima, kuanzia ule wa kukwaruza mpaka ule laini kama karatasi ya kufungia. Mashine ikizunguka, vumbi lilipanda kama moshi wa unga, jepesi, la rangi ya dhahabu pale mwanga wa dirisha ulipoligusa, na harufu ilikuwa ya kulewesha. Kikombe kimetoka kinang'aa. Vijicho vya mti vinaonekana kama viko chini ya kioo. Shangazi alikipokea, akakipitisha shavuni, akanirudishia. Tangu leo napiga msasa.

13 Aprili

Macho yamefumba. Nimesema nimelalia vibaya.

17 Aprili

Viwiko vinawasha. Mvua.

21 Aprili

Msasa: "Profesa, nusu yako bado inaogelea? Mwambie akitoka majini ajifute." Nimemwambia ataona. Ukweli ni kwamba kila siku nainama juu ya pipa, naona ule uso wa mawimbi ukinitazama chini ya maji, na nashindwa. Naogopa kuuharibu. Najiambia kesho.

25 Aprili

Niandike hili kwa utulivu. Nikipiga msasa asubuhi, jioni kifua kinapiga filimbi. Nikipumzika siku ya Jumapili, kinanyamaza. Nimejifunga kitambaa puani. Macho yanavimba vile vile. Ningekuwa namsomea mwanafunzi wangu matokeo haya ningemwambia jibu kabla hajamaliza. Mimi mwenyewe nimejiambia ni mafua ya mvua.

2 Mei

Nimeruhusiwa kuketi, kwa hiyo nitaandika yote.

Juzi Shangazi alikuwa ametoka. Mvua ilikuwa kubwa, na Msasa alikuwa amefunga dirisha maji yasiingie. Nilikuwa nalainisha kopo, la kwanza langu lenye mfuniko, mti mkavu wa zamani sana, mkavu kiasi kwamba vumbi lake halikuanguka chini hata kidogo, lilibaki linaelea. Nilikuwa karibu kumaliza. Nilitaka kuusikia mlio. Kifua kilianza kubana nikakipuuza, kama mtu anayepuuza hodi. Nikaongeza kasi. Halafu nikavuta pumzi na pumzi haikuja. Ilikuja kidogo, kama maji ya bomba siku ya mgawo, kisha ikakatika. Nakumbuka niliweza kuitoa lakini sikuweza kuiingiza, na nikafikiri, bila hofu yoyote, kwamba sasa najua kopo linavyojisikia likifunikwa.

Msasa alizima mashine. Sikumwita, maana sikuwa na sauti. Alisema baadaye kwamba alisikia patasi iliyokuwa kando yangu ikianguka, na mimi siku hizi siangushi patasi. Alinibeba mvuani. Mtu huyu ambaye tangu Machi sijamwandikia neno zuri alikimbia na mimi mgongoni mpaka zahanati, viatu vikiwa vimebaki matopeni, na njia nzima alikuwa akisema, "Usilale, Profesa, darasa bado."

Daktari ni mama wa makamo, mwenye kalamu nyuma ya sikio. Alinivutisha dawa kupitia kifuniko cha puani, akangoja nirudi katika rangi yangu, ndipo akauliza nafanya kazi gani. Nilipomwambia, alinishika kifundo cha mkono akayaangalia mabaka mekundu yaliyonitokea. Akaeleza kwamba mwili wangu umeshalikataa lile vumbi. Nikauliza kama nitazoea. Akasema ni kinyume chake.

"Mwili ukishakataa kitu, hausahau," alisema. "Kila mara utakataa mapema zaidi. Acha mti huo. Kazi za mbao ziko nyingi."

Nimeuliza kuhusu barakoa. Amenipa moja, akasema itasaidia, haitatosha, kwa sababu vumbi linakaa kwenye nywele, kwenye shuka, kwenye ukuta. Nilikuwa nataka kubishana naye na nilikuwa sina pumzi ya kubishana.

Shangazi alikuja amelowa, bila mwavuli. Alisimama miguuni pa kitanda. Alikuwa amepanda ngazi kwa haraka na alikuwa akikohoa, kavu, fupi, mara mbili mbili. Daktari akageuka na kumtazama. Mimi pia nikamtazama. Miezi yote hii nimekisikia kikohozi kile kama mlio wa nyumba, kama bati, kama mota. Juzi ndipo nilipokisikia.

4 Mei

Niko nyumbani kwa Shangazi, lakini si karakanani. Msasa ameniwekea kiti barazani. Amefua shuka zangu mwenyewe. Nimemshukuru, akasema nisizoee.

6 Mei

Nimemwambia Shangazi. Sikulizunguka. Nimesema kikohozi chake na kifua changu vinaweza kuwa ni kitu kimoja, na kwamba daktari yuko tayari kumpima. Aliweka kikombe chini. Aliniambia amekohoa tangu sijazaliwa, baba yake alikohoa pia, na hakuna aliyekufa kwa kukohoa; walikufa kwa mambo mengine. Kisha akauliza kama nimekuja kujifunza kazi au kuiandikia ripoti. Akaondoka. Akasimama mlangoni.

"Nilikunyima msasa," akasema bila kugeuka, "kwa sababu siku ile ya mfuniko ulilia. Watoto wengine waliolifungua hawakulia."

Kwa hiyo alijua kitu, bila kujua kwamba anakijua. Nilikesha na hasira za mwezi mzima bure.

7 Mei

Mvua.

8 Mei

Mvua. Mama amepiga simu. Sijamwambia yaliyonipata, Msasa ameshamwambia. Anataka nirudi wiki hii. Nimemkumbusha kwamba tulikubaliana msimu. Akasema msimu ni wa watu wenye afya. Kisha akasema shule inafungua mwanzoni mwa Julai na kwamba atanitengea kitanda cha dirishani.

13 Mei

Ninakaa barazani na kufikiri. Hiki ndicho ninachokijua: siku tuliyoikata ile nundu nilikuwa ndani ya harufu yake tangu asubuhi mpaka jioni, maji yake yakinichuruzika mpaka kwapani, na sikupiga hata chafya moja. Si harufu, basi. Ni vumbi. Na mti uliolowa hautoi vumbi.

16 Mei

Kichekesho cha msimu. Msasa alilishusha kopo lake darini wiki iliyopita, akalinyoosha, akalilainisha, na jana, mvua ikimwagika, akalichongea mfuniko. Ukapumua. Alitoka mbio kutuita; Shangazi akasikiliza, akatikisa kichwa kukubali. Mimi nilisikia kutoka barazani. Nitakuwa mwongo nikisema haikuniuma.

Leo jua limewaka kutwa, na mfuniko umeng'ang'ania. Amevuta kwa mikono, kwa magoti, ameufunga kitambaa, ameupigia magoti. Haufunguki. Aliupima siku ya unyevu, mti ukiwa umevimba. Jua lilipotoka ukasinyaa na kulibana kopo kooni. Kosa la haraka, na anajua, ndiyo maana anacheka kwa sauti kubwa.

17 Mei

Kopo la Msasa linafunguka bafuni tu, mtu akiwa anaoga maji ya moto. Amependekeza liuzwe pamoja na bafu.

20 Mei

Nimeomba anisaidie kuondoa makopo ya rangi juu ya ile mashine ya mguu. Aliniuliza ninaitakia nini. Nikamwambia. Alikuna kidevu muda mrefu. "Profesa," akasema, "wewe huna akili," na akaenda kuleta mafuta ya kulainisha.

Imechukua siku nzima. Gurudumu lina kutu lakini linazunguka. Ukanda ni wa ngozi, umekatika, tumeufunga upya. Tumeiburuta mpaka barazani, upande unaopitisha upepo. Shangazi alipita na ndoo, akaitazama, akapita.

23 Mei

Nimejaribu. Si nusu yangu; ni pande la shina lile lile ambalo Shangazi alilikataa, na ambalo nimeliloweka. Unakanyaga, gurudumu linageuka, na mti unazunguka taratibu kama mtu mvivu anayegeuka kitandani. Nilishika patasi. Maranda yalitoka marefu, ya maji, mazito, yakaanguka miguuni pangu kama tambi zilizochemka. Mti ulinirushia matone usoni. Harufu ilikuwa kubwa kuliko karakana yote. Nikavuta pumzi, ikaingia. Nikavuta nyingine.

Nimekereza kikombe chembamba mpaka mwanga unapita ubavuni, moja kwa moja, bila kungoja, bila msasa hata mara moja. Alama za patasi zimebaki ndani kama nyayo za mkondo.

24 Mei

Kimepinda. Jana kilikuwa duara, leo kimekuwa kama sikio. Hakikupasuka, kwa kuwa ni chembamba. Kimekwenda kilikotaka kwenda. Nimekizungusha mkononi asubuhi nzima na siwezi kuamua kama ni kibaya.

25 Mei

Nimemwonyesha Shangazi. Alikisimamisha mezani kikayumba. "Kikombe cha mlevi," akasema. Akauliza mfuniko wake utakaa wapi.

Hilo ndilo swali lenyewe. Mfuniko unataka mdomo ulio duara kamili, na mdomo ukibaki duara ni kwa sababu mti ulikaushwa, ukanyooshwa, ukalainishwa, yaani ukageuzwa vumbi. Kinachokerezwa kibichi hakitapumua kamwe. Nikiitaka kazi hii inanibidi niuache ule mlio, na mlio ndio ulionileta kwenye kazi.

26 Mei

Manyunyu.

29 Mei

Nilimtazama Shangazi akifanya kazi, mimi niko nje ya dirisha. Ana vumbi kwenye nyusi, kwenye mikunjo ya shingo. Nilikuja hapa nikimwona kama mlima. Sasa naona mwanamke wa umri wa Mama na miaka michache zaidi, anayezima mashine, anashika ukingo wa meza kwa mikono miwili, na anangoja kikohozi kipite ili aendelee. Amefanya hivyo maisha yake yote ili mfuniko ushuke sawasawa. Sikumhurumia, asingeniruhusu. Lakini nilielewa kwamba alinipa alichonacho, na kwamba siwezi kukipokea kwa namna alivyokipokea yeye.

3 Juni

Mvua zinakatika. Maji ya pipa yameshuka. Ukingo wa nusu yangu umeanza kuchungulia. Ukikaushwa na jua utapasuka. Nimeongeza maji kwa ndoo.

5 Juni

Nimeongeza maji.

6 Juni

Msasa ameuchonga upya mfuniko wake, safari hii siku kavu, polepole, akipima kila baada ya kuugusa. Shangazi aliketi. Mimi nilisimama mlangoni, kama nilivyosimama nikiwa mtoto. Akauweka, akauachia. Ulishuka wenyewe. Fyuuu.

Ulikuwa ni ule ule. Ulitoka kwenye nundu niliyoikata kwa mikono yangu, mkononi mwa mtu niliyeanza kumpenda, na uliniingia mpaka kwenye nyayo. Nilisubiri wivu uje. Kilichokuja ni kwamba nimeusikia, na sasa naweza kuondoka pale mlangoni.

Nikamwambia Msasa mbele ya mama yake kwamba mashine ni yake, na kwamba mimi sitashindana. Hakutania. Alisema kama ni hivyo dirisha litakuwa wazi daima, na atatoboa jingine ukuta wa pili. Kisha akatania.

9 Juni

Nusu yangu nimeitoa ndani ya pipa jana asubuhi, jua likichomoza, kabla sijajipa nafasi ya kufikiri. Ilikuwa nzito, tuliibeba wawili. Nimeifunga kwenye mashine ya mguu na nikaanza. Magamba ya nje yaliruka kwanza, kisha mawimbi yakatokea, kisha vijicho. Mguu ulikufa ganzi ukafufuka mara nyingi. Sikuacha kuimwagia maji. Bakuli kubwa, wazi, bila mfuniko, ubavu wake umekuwa mwembamba kiasi kwamba mkono wangu ulionekana kivuli upande wa pili. Jana jioni niliacha nusu njia nikiwa nimeifunika kwa magunia yaliyolowa, leo nimemaliza.

Ilipofika mchana, Shangazi alitoka na kigoda chake akakiweka barazani, kwenye upepo. Ana miadi na daktari wiki ijayo, akasema, kwa kuwa Msasa amemchosha masikio. Nilijifanya sikusikia. Alinitazama nikikanyaga kwa muda.

"Unakanyagia mguu wa kulia," akasema. "Hii ni mashine ya baba. Yeye alikuwa wa kushoto. Gurudumu limelemea kule."

Nimebadilisha mguu. Mashine imekuwa nyepesi papo hapo, kama iliyosema, kumbe ni wewe. Shangazi akaitikia kwa kukohoa, mara moja tu.

Lilipokwisha akaliinamia bakuli, akatia uso wake mzima ndani, akakaa humo. Alipoinuka alikuwa na machozi na tone la maji puani.

"Litapinda," akasema.

"Najua, Shangazi."

"Hujui litapinda kwenda wapi."

"Sijui."

Akalibeba mwenyewe, akalipeleka chumbani kwake, akalifunika gazeti, kama wanavyofunikwa watoto wachanga wasipigwe na upepo.

Ndipo nilipompigia simu Mama. Nimemwambia asinitengee kitanda, na kwamba nimeshazungumza na mkuu wa shule asubuhi, kwa heshima zote, ampe nafasi ile mwingine. Nimemweleza kuhusu maji na vumbi. Nimemweleza kuhusu baraza. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake, kisha akauliza kwa sauti ndogo kama jambo hili nimelifikiria vizuri, au tukae kwanza tuliongee.

"Tutakaa, Mama," nimemwambia. "Lakini mimi nimeshakereza."